Misumari Kumi na Miwili ya Chumba cha Kifua

Sista Halima alikuwa ameketi kwenye benchi la tatu kutoka mlangoni, benchi lile lile ambapo kwa miaka minne yeye ndiye aliyewapanga wagonjwa. Kadi yake ameishika mkononi kama wengine. Chumba kimejaa, watu thelathini na kitu, madirisha manne yote yamefungwa, na ile hewa ya ndani ungeweza kuipasua kwa msumeno. Akainua uso akaniambia kwa sauti ndogo, maana sauti kubwa hakuwa nayo tena:

"Mutinda, nifungulie dirisha."

Nikamjibu, "Sista, msimamizi hajaruhusu."

Alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio akageukia ukutani, ili akikohoa asimkoholee mama aliyekaa kando yake na mtoto mgongoni. Siku tisa baadaye tulimzika.

Nimefanya kazi katika zahanati mbili za upande huu wa Eastlands, Nairobi, na sijawahi kumjibu mtu jibu baya kuliko hilo. Nimelitanguliza ili msomaji asije akafika katikati akadhani najisafisha. Sasa nianze mwanzo.

Mimi niliacha shule darasa la saba. Baba alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Ukambani, na alitaka nirithi patasi zake, lakini mimi nilipenda mbao kubwa, nikaishia soko la Gikomba nikitengeneza vitanda. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kliniki moja karibu na Mowlem, tuliyoiita Paa Jekundu, ilihitaji mabenchi ya wagonjwa. Nikayatengeneza, nikayapeleka kwa mkokoteni, na kwa kuwa nafasi ya mhudumu ilikuwa wazi, nikabaki. Mhudumu ni yule mtu wa kufagia, kubeba, kuita majina na kufanya kila kazi ambayo haina mwenyewe.

Siku ya kwanza niliripoti kwa Msimamizi wa Kliniki, Bwana Kioko. Hakuwa daktari wala muuguzi. Kazi yake ilikuwa funguo, vifaa na watumishi, na alitembea na shada la funguo kiunoni hivi kwamba ulimsikia kabla hujamwona. Naye ni Mkamba kama mimi. Nilidhani hilo litanisaidia.

"Wewe ndiye fundi wa mabenchi?"

"Ndiyo, Mkubwa."

"Unajua kupigilia, au unajua kuranda tu?"

"Yote najua, Mkubwa."

"Basi anza na madirisha ya kile chumba cha mwisho. Wezi wamepitia hapo wakabeba mizani ya kupimia watoto, na mimi nikaandikiwa barua. Barua ya pili siitaki."

Jengo lilikuwa la zamani, madirisha ya mbao yenye vioo vidogo vidogo. Nilipigilia misumari mitatu kila dirisha, fremu na mbao zikashikana kabisa. Kumi na miwili jumla. Nilipigilia vizuri, sina haja ya kudanganya. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilitaka kazi.

Kile chumba cha mwisho kilikuwa Chumba cha Kifua. Hapo walihudumiwa wagonjwa wa kifua kikuu, yaani TB. Mpangilio wa siku zile ulikuwa hivi. Mtu akija na kikohozi cha wiki tatu, anapewa kikopo chenye kifuniko atoe makohozi, si mate, makohozi yanayotoka chini kabisa kifuani. Kikopo cha pili anaenda nacho nyumbani, anakitumia akiamka, kabla hata ya chai. Cha tatu anakitoa akirudi na hicho cha pili. Mimi navibeba mpaka kwa fundi wa maabara. Akikutwa na ugonjwa, anatibiwa miezi minane, na miezi miwili ya kwanza anakuja kila asubuhi kumeza dawa mbele ya muuguzi. Sababu ya kumezeshwa mbele ya macho ni kwamba dawa zile zikianza kufanya kazi mtu hupata nafuu haraka, anaona amepona, anaziacha. Viini vya ugonjwa vilivyobaki ndivyo vile sugu, na vikirudi, dawa za kwanza havizijali.

Kwa hiyo kila asubuhi watu walijazana humo, kila mmoja na kikohozi chake, na aliyekaa nao tangu wa kwanza hadi wa mwisho alikuwa Sista Halima.

Halima alizaliwa papa hapa Nairobi, familia ya Kiislamu ya wauza vitambaa. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, na mtani. Watu wengine wa koti jeupe walinitazama kama ndoo. Yeye alinifundisha. Siku moja aliniita maabara.

"Njoo uone unachokibeba kila siku."

Nikaweka jicho kwenye hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana. Niliona buluu tupu, na juu yake vijiti vyekundu vyembamba, kama vipande vya uzi vilivyoanguka kwenye kitambaa cha fundi cherehani.

"Hivi ndivyo vinaua watu, Sista?"

"Ndivyo hivyo. Na havina miguu wala mabawa. Vinabebwa na pumzi zetu." Kisha akaniuliza, "Ukiranda mbao, lile vumbi jembamba linaanguka chini?"

"Lile nene linaanguka. Jembamba linaelea tu."

"Basi na mtu akikohoa ni hivyo. Matone makubwa yanaanguka. Yale madogo, ambayo jicho halioni, yanaelea masaa mengi, na kiini kiko ndani yake. Sasa huko Gikomba, vumbi likijaa kwenye banda mnafanya nini?"

"Tunafungua mlango, Sista. Upepo unalitoa."

Akaniangalia. Mimi nikaangalia chini.

"Nani alifunga yale madirisha?"

"Ni mimi."

Akacheka mpaka akashika meza. "Wewe fundi kweli! Hata upepo umekosa pa kupenya."

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba TB haipiti kwenye sahani, wala kikombe, wala mkono wa mtu, wala nguo. Inapita hewani, na zaidi katika hewa iliyofungiwa. Jua likiipiga inakufa upesi. Upepo ukiichukua inatawanyika mpaka inakuwa si kitu.

Alinieleza pia jinsi mwili unavyojilinda, na nitayaandika nilivyoyaelewa mimi. Kwanza kuna pua, na vinyweleo vyake, na kamasi inayonasa takataka. Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vingine vidogo mno, vinafagia kwenda juu bila kupumzika, ndiyo maana mtu hukohoa na kutema. Kikipita kiini hapo kote kikafika chini kabisa kwenye mapafu, kinakutana na chembe walaji, ambazo ni aina ya chembe nyeupe. Zinakimeza. Viini vingi vikimezwa ndiyo mwisho wao, lakini cha TB kina ujanja, kinaishi ndani ya tumbo la aliyekila. Mwili ukiona hivyo unaita chembe nyingine, zinakizunguka, zinajenga ukuta. Humo ndani kinalala. Kinaweza kulala miaka thelathini.

"Kwa hiyo hata mimi ninacho?" nilimuuliza.

"Huenda. Wengi wetu huku tunacho, na wengi hawataugua mpaka waingie kaburini kwa sababu nyingine. Ukuta ukibomoka ndipo shida. Njaa inaubomoa. Pombe. Sukari. Mimba na kunyonyesha vinamchosha mama. Na huu ugonjwa mwingine unaokula walinzi wenyewe."

UKIMWI siku zile hatukuutaja kwa sauti.

"Na hii?" Nikamwonyesha kovu la chanjo mkononi.

"Hiyo ya utotoni inamkinga mtoto asipatwe na TB kali, ile ya kichwani. Mtu mzima haimtoshi." Akaongeza maneno ambayo sijayasahau. "Sikiliza, Mutinda. Mlinzi mmoja anaweza kupigana na wezi wawili. Usimletee mia kila asubuhi."

Alianza kuomba madirisha yafunguliwe. Lazima niseme ukweli kwamba wagonjwa wenyewe hawakumsaidia. Ikifika Julai na ile baridi yake, tukifungua hata mlango walipiga kelele. Kulikuwa na mbeba mizigo mmoja wa Gikomba aliyejiita Kamanda, na ndiye aliyenibandika jina la Daktari Nyundo.

"Niaje, Daktari Nyundo! Funga huo mlango, buda. Hii baridi itatumaliza na nimonia kabla TB ipate zamu yake."

"Baridi haileti TB, Kamanda," Halima alimwambia. "TB umeletewa na mtu."

"Huyo mtu nikimpata, Sista, namrudishia yake!"

Chumba kizima kilicheka, na kucheka kukawa kukohoa. Watu wa kwetu wote tulilelewa hivyo, kwamba kifua huletwa na baridi, kwa hiyo mgonjwa wa kifua afungiwe, afunikwe, madirisha yazibwe na matambara. Kamanda simlaumu. Hakujua.

Kwa Bwana Kioko, Halima alikwenda mara tatu. Mara ya tatu nilikuwepo, nimebeba makabrasha.

"Bwana Kioko, nipe madirisha mawili tu. Asubuhi tu. Tukimaliza Mutinda atayafunga."

"Sista, kifua kinatibiwa na dawa. Hakitibiwi na upepo."

"Vyote viwili."

"Na mizani ikiibiwa tena, atajibu nani?"

"Nitajibu mimi."

"Wewe hukuajiriwa kujibu. Uliajiriwa kudunga sindano." Akanigeukia mimi. "Na huyu fundi wako asikie vizuri. Atakayeng'oa msumari mmoja hapa, aende nao nyumbani kwake moja kwa moja."

Halima akaandika barua kwenda makao makuu. Utaratibu ulikuwa kwamba barua yoyote ya mtumishi lazima ipitie kwa msimamizi. Niliipeleka mwenyewe nikaiweka mezani pake. Alisoma anwani, akaitia kwenye saraka ya chini, akazungusha ufunguo. Jibu halikuja, na sijui lingetoka wapi.

Miezi michache baadaye tukaambiwa Daktari wa Kifua kutoka makao makuu atakuja kukagua. Alasiri ya kuamkia siku hiyo, Bwana Kioko aliniita.

"Fundi, lete nyundo. Toa misumari yote ya kile chumba. Huyu daktari ana wazimu wa hewa, akikuta kumefungwa atatuua na ripoti."

Nikatoa. Asubuhi yake kwa mara ya kwanza niliona mapazia ya Chumba cha Kifua yakipepea. Daktari alikuja, akasimama katikati ya chumba, akatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri sana, Bwana Msimamizi. Chumba chenye hewa ni nusu ya dawa."

"Tunajitahidi, Daktari."

Halima alisogea mbele. "Daktari, haya madirisha..."

"Sista," Bwana Kioko akamkata, "wagonjwa wanakungoja."

Daktari alikuwa ameshaitazama saa yake. Gari lilipotoka getini nikasikia funguo zikija nyuma yangu.

"Rudisha."

Matundu ya zamani yalikuwa yamelegea, kwa hiyo nilitumia misumari mirefu zaidi. Inchi nne. Halima alinikuta nikipigilia wa mwisho. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe anajua," akaenda kunawa mikono.

Alipata mimba, akajifungua mtoto wa kike, Rukia. Likizo ilipokwisha alirudi kazini amekonda, analala vipande vipande kwa ajili ya mtoto, mchana anakula mkate mkavu kwenye kile kile chumba. Kikohozi kikaanza. Makohozi yake yalipimwa yakatoka safi, na vijana mnaosoma haya mjue kwamba makohozi safi si lazima yawe mapafu safi. Walimtibu nimonia. Kisha wakasema ni pumu. Yeye mwenyewe alijua, akaomba ruhusa ya siku mbili aende hospitali kubwa apigwe picha ya kifua.

"Nani atawamezesha hawa?" Bwana Kioko alimuuliza. "Subiri mwezi uishe."

Mwezi ukaisha, akaambiwa asubiri mwenzake arudi kutoka likizo. Picha ilipokuja kupigwa, mapafu yalikuwa kama shuka lililoliwa na nondo. Akaanzishiwa dawa, na kwa kuwa anaishi karibu, akapangiwa kumeza pale pale Paa Jekundu. Ndiyo siku ile ya benchi la tatu.

Tulimzika mchana ule ule aliofariki, kwa desturi yao. Kesho yake watumishi tulikusanyika getini, na Bwana Kioko akasema, akiwa ameangalia juu kama anayehesabu mawingu: "Mnaujua wenyewe ugonjwa wa siku hizi. Msiniulize mimi."

Hakupimwa huo ugonjwa, na hakuna karatasi iliyousema. Lakini neno likitoka kwenye mdomo wa kliniki linaaminiwa. Kabla ya jua kutua lilikuwa limefika kwao. Mashuka yake yalichomwa. Majirani waliacha kula kwenye vyombo vya nyumba ile. Mume wake alihama mtaa na mtoto mchanga.

Asubuhi iliyofuata niliingia kazini mapema nikang'oa misumari yote. Nilikuwa kwenye dirisha la nne aliponikuta.

"Nani amekutuma?"

"Ulisema, Mkubwa, atakayeng'oa aende nayo nyumbani. Naenda nayo."

Wiki haikuisha nikapewa uhamisho. Nilipelekwa zahanati ndogo jirani na Mukuru kwa Reuben, iliyohudumia vibarua wa viwandani. Mkubwa wetu pale alikuwa Afisa wa Tiba, mama mmoja mkali sana, na madirisha yake yalikuwa wazi mvua au jua. Nilimuuliza kama haogopi wezi.

"Wezi wakija," alisema, "angalau watatukuta tunapumua."

Ni yeye aliyegundua. Nilikuwa natoka jasho mpaka godoro linaloa, na suruali nimeifunga kwa kamba. Aliniambia, "Mutinda, leta makohozi, na usinipe hadithi." Yakatoka na vijiti vyekundu tele. Nilidungwa sindano siku sitini, nikameza dawa zinazogeuza mkojo kuwa kama soda ya machungwa, nikamaliza miezi minane yote. Pafu la kushoto lilisinyaa, halikurudi. Nilipona kwa sababu nilipimwa siku niliyolalamika. Halima alilalamika miezi mitatu.

Baadaye nikahamishiwa bohari ya dawa, kazi ya kuketi, mpaka ngazi zikanishinda na bodi ya madaktari ikasema nistaafu kabla ya umri. Naishi. Nikipanda ghorofa ya pili napumzika mara tatu. Mtu akiniuliza nilifanya kazi gani, namwambia nilikuwa fundi.

Bwana Kioko yeye alipandishwa cheo, akawa msimamizi wa eneo zima. Alipostaafu alifanyiwa sherehe, na nilisikia alisifiwa kwamba Paa Jekundu, tangu ile mizani iibiwe, hakikupotea kifaa hata kimoja. Ni kweli. Ile mpya iliyoletwa badala yake ipo mpaka leo.

Kwa vijana mlio kwenye kazi hizi ninalo moja tu. Mkiingia chumba cha wagonjwa wa kifua, tazameni madirisha kabla hamjatazama mafaili. Na mkiambiwa yafungwe, muulize kwa sauti, mbele ya mashahidi. Mimi sikuuliza.

Mwaka huu Rukia amenitafuta. Ni mama wa watoto wawili sasa, anauza vitambaa vya jumla kama babu zake. Alikaa kwenye kochi langu, akakataa chai.

"Mjomba, miaka yote naambiwa mama alikufa kwa aibu. Wewe ulikuwepo. Mama alikufa na nini?"

Nilimwambia yote, kama nilivyoyaandika hapa. Nilimwambia nani alishika nyundo. Nilimwambia mama yake aliomba dirisha nikamnyima. Kisha akaomba kuiona misumari, nikamtolea kopo. Aliihesabu, kumi na miwili, akanirudishia.

Bwana Kioko, unaishi Mowlem, nyumba ya kona, na macho yako bado yanasoma. Usiseme ulikuwa mtu wa funguo tu, hukufundishwa habari za viini. Mimi wa darasa la saba nilifundishwa, na yule aliyenifundisha alikuja ofisini kwako mara tatu. Langu nimelisema na nimelibeba. Lililobaki ni swali ambalo siwezi kumjibia mtoto wa watu: kama hukujua kwamba hewa ya chumba kile inaua, mbona kabla ya mkaguzi kuja ulinituma nitoe misumari?

Rukia atakuja kwako Jumamosi baada ya adhuhuri, na mimi nitakuwa naye. Fungua mlango umjibu.